Mganga Hajigangi: Barua ya Wazi kwa Wahudumu wa Afya Wanaovuta Sigara

Wanangu wauguzi, matabibu, madaktari, mafundi wa maabara, madereva wa magari ya wagonjwa, nanyi mnaosafisha wodi,

Nawasalimu kwa heshima. Ninayewaandikia ni muuguzi mstaafu, na kwa miaka kumi na tisa ya utumishi wangu nilikuwa mvutaji wa sigara, kwa hiyo siandiki ili kuwashitaki. Naandika kwa sababu ya yale niliyoyasikia kwa vijana niliowalea kazini, ambao katika miezi ya UVIKO-19 waliirudia sigara waliyokwisha kuiacha, au waliianza kwa mara ya kwanza. Mtu alikuwa akishika simu sikioni mwa mgonjwa ili aagane na jamaa wasioruhusiwa kuingia wodini, kisha akatoka, akaenda nyuma ya jengo, akavua barakoa na kuwasha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ile imekwisha, lakini uraibu hautii tangazo, na wapo kati yenu ambao mpaka leo wanavuta sigara ya siku zile.

Najua mtaniambia kwamba sigara iliwatuliza. Nami nilisema hivyo, tena kwa kuapa. Hata hivyo, tazameni mambo kama ambavyo mngemtazama mgonjwa. Nikotini hupungua damuni kwa nusu katika muda wa saa mbili hivi, na kwa hiyo mvutaji aliyefungiwa ndani ya mavazi ya kujikinga kwa saa nne au sita mfululizo huanza kuhangaika, hukasirika upesi, na akili yake haikai mahali pamoja. Yeye huamini kwamba ni uzito wa kazi peke yake, kumbe sehemu ya dhiki hiyo ni mwili unaodai nikotini. Akivuta, madai hunyamaza kwa muda, naye huiita hali hiyo utulivu. Pale nyuma ya jengo palikuwa pia na mambo yaliyowaponya kweli: kukaa, hewa ya nje, dakika kumi bila mlio wa mashine, na mwenzenu aliyeyaona mliyoyaona, asiyehitaji kuelezwa. Hayo hayakutoka kwenye sigara. Ilikuwa haki yenu kuyapata bila moshi, na inaniuma kwamba katika sehemu nyingi za kazi mvutaji ndiye aliyeeleweka akiomba kutoka, ilhali asiyevuta alionekana mvivu.

Kwa ugonjwa unaoenezwa kwa pumzi, kona ile ilikuwa na hatari yake. Tulilinda mlango wa wodi kwa kila kanuni, kisha tukasimama watu watano bila barakoa, bega kwa bega, tukipokezana kiberiti na kupeleka midomoni vidole ambavyo pengine havikuoshwa. Mapafu nayo hayakusaidiwa. Moshi hudhoofisha vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi na vijidudu kutoka katika njia ya hewa, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wavutaji wakiambukizwa virusi vya korona wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua vibaya. Zilivuma pia habari kwamba nikotini ni kinga. Ushahidi wa kuzithibitisha haukutosha, na aliyeendelea kuvuta kwa kuzitegemea alijiweka hatarini bure.

Lakini haya mnayajua, na hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wengi huutumia msemo huo kumsuta tabibu mgonjwa; mimi nausikia kama agizo, kwamba mganga atafute mganga mwingine. Kwa miaka mingi niliwafundisha wagonjwa namna ya kuacha sigara, na ujuzi wangu wote haukunisaidia, kwa kuwa niliona aibu kukaa kwenye kiti cha mgonjwa mbele ya watu niliowazidi cheo. Niliacha siku muuguzi mdogo kwangu aliponiuliza, mlango ukiwa umefungwa, maswali yale yale niliyomfundisha kuuliza.

Ushahidi wa madhara ya sigara na faida ya kuiacha ulitoka kwa watu wa fani yetu wenyewe. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza habari za uvutaji wao, na zaidi ya wanaume 34,000 kati yao walifuatiliwa. Matokeo ya miaka hamsini, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba waliovuta maisha yao yote walipoteza takriban miaka kumi ya kuishi. Walioacha wakiwa na umri wa miaka hamsini waliokoa karibu sita, na walioacha kwenye thelathini waliokoa karibu yote.

Basi chagueni mwenzenu mmoja mnayemwamini, mjiandikishe kwake kama wagonjwa, na faili lifunguliwe. Vibandiko na chingamu za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na dawa ya vareniklini, inayopunguza hamu ya sigara, iliongezwa mwaka 2021. Msione haya kuzitumia, maana hamwoni haya kumpa insulini mwenye kisukari. Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kwa hiyo msizianze katika wiki ya zamu za usiku. Anayeteleza arudi kwa tabibu wake kesho yake, wala asifiche.

Nanyi wakuu wa zamu, nawaomba jambo moja: pangeni mapumziko katika ratiba kwa majina, ya kila mtu, anayevuta na asiyevuta, na tafuteni mahali penye viti na hewa ambapo watu wanaweza kukaa kwa nafasi bila kuhitaji sababu ya kuwa pale.

Mzee wenu,
Muuguzi mstaafu