Muuza samaki, niulize maji yangu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hawa jamaa wanaotuuzia matangi ya samaki wa baharini. Siku hizi kila hoteli na kila sebule ya mtu aliyemaliza kujenga inataka tangi, na mie nimo, nina saluni ya kunyoa huku Tabata na masika yaliyopita nikasema niweke la lita 100 ili wateja wakisubiri foleni wawe na cha kuangalia.

Nikanunua tangi, pampu, hita, mchanga na samaki wanne, vyote siku moja, na muuzaji hakuniuliza kitu zaidi ya unalipa keshi au kwa simu. Maji akasema kachote baharini, ya bure. Nikakodi bajaji mpaka karibu na Daraja la Salenda, madumu matano, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi. Sasa mtu wa Dar anajua pale ndipo Msimbazi unapoingilia baharini na mizigo yake yote, lakini mi nilionja tu, nikaona yana chumvi, twende.

Siku ya nne samaki wote wako juu juu, midomo wazi, wanahema, mteja mmoja ananiambia kaka samaki wako wanakusalimia. Nikampigia muuzaji, akasema hao wana fangasi njoo uchukue dawa, nikachukua, chupa ya bluu, na siku ya sita nikamtoa wa mwisho kwa upawa.

Wiki iliyofuata shemeji yangu akarudi toka Dubai na kile kiboksi cha kupimia maji, vichupa vya matone, mirija ya kioo na kadi ya rangi. Yale maji nilikuwa bado sijamwaga. Unaweka mililita 5, matone 8 ya chupa hii na 8 ya ile, unatikisa, unasubiri dakika 5, ikibaki njano huna amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ikienda kijani unayo. Yangu ilikuwa kijani kama mchicha. Kumbe samaki wanatoa taka zao mle mle, chakula kinaoza mle mle, yote inakuwa amonia na tangi jipya halina bado bakteria wa kuila! Wanatakiwa wazaliane kwanza, kundi moja ligeuze amonia kuwa nitriti, jingine ligeuze nitriti kuwa nitrati ambayo haina makali sana na unaipunguza kwa kubadilisha maji, na hiyo kazi inachukua kama wiki 4 mpaka 6. Samaki hahitajiki kabisa hapo, mi nilitumbukiza kipande cha kamba mbichi (yule wa kuliwa) kwenye soksi, aoze atoe amonia ya kuwalisha hao bakteria (wateja wangu mnisamehe kwa ile harufu).

Na kupima kwenyewe kuna ujanja wake. Saluni yangu ina taa za rangi, basi wiki nzima nasoma majibu ya uongo, mpaka nilipoanza kutoka na mrija barazani kwenye mwanga wa jua, watu wananiuliza umeanza kupika gongo? Halafu kuna chupa ya pili ya nitrati, ile dawa inaganda chini, usipoitikisa kwa nguvu sekunde 30 inakuambia sifuri na wewe unashangilia. Chumvi nayo inapimwa kwa uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1.000; maji yangu ya Salenda yalisoma 1.018 wakati bahari safi iko kwenye 1.025 hivi, nikachota mengine maji yakiwa yamejaa, mbali na mto. Ikawa sawa, ila tangi likipungua kwa joto nikawa naongezea maji ya bahari, ikapanda mpaka 1.030, maana kinachoruka ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongezea maji yasiyo na chumvi wala klorini. Hakuna aliyeniambia.

Sasa ninachoomba sio kikubwa. Wenye maduka, pimeni maji ya mteja kabla hamjamuuzia samaki, aje nayo kwenye chupa ya soda, mtozeni hata buku mbili nitalipa, na asiye na majibu mwambieni arudi baada ya mwezi. Najua mnaogopa ataenda duka la pili. Lakini mimi mliniuzia samaki wanne mkanipoteza mwaka mzima.

Tangi lipo tayari kwa mara ya pili. Kamba nimeshamtoa, leo asubuhi amonia sifuri, nitriti sifuri, siku ya tatu mfululizo, nimeandika yote kwenye daftari la wanaodaiwa. Jumamosi natafuta samaki mmoja tu, na duka litakaloniambia lete kwanza hilo daftari tulione, ndiko nitakakonunua.

Kinyozi, Tabata, Dar es Salaam