Mjukuu wangu ana umri mmoja tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Igogo hapa Mwanza, na siku hizi nauza dagaa mwaloni Kirumba. Nataka kusema juu ya vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri wanaochezeshwa kama watoto, katika soka la watoto wetu, na nitamtaja hata kijeba niliyemchezesha mimi mwenyewe, maana nisipomtaja watakaosoma barua hii kule mwaloni watanicheka.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka mazoezini na fomu ya usajili wa mashindano ya vijana chini ya miaka 15. Kijana ametimiza 16 mwezi Machi. Fomu ilikuwa imejazwa kila kitu isipokuwa tarehe ya kuzaliwa, na alikuwa amepewa maagizo ya mdomo: "Mwambie babu aandae cheti kingine." Nikampigia kocha. Ni kijana mwenye adabu, akaniamkia vizuri, akaniuliza na habari za biashara, kisha akasema, "Mzee, ni miaka miwili tu hiyo. Kila timu inafanya. Nikipeleka watoto wa umri wa kweli nafungwa saba." Akanitajia na bei: hela ya kiapo cha tarehe ya kuzaliwa, na ya chai kwa mtu wa kufuatilia.

Sikupata nguvu ya kumfokea. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa michezo, tuko kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata. Winga wetu wa kushoto alikuwa mtoto wa darasa la sita, mwepesi sana, ila mwembamba kama ufito, na tulikuwa tunakutana na shule iliyotuchapa mwaka uliotangulia. Nikamtafuta kijana wa kidato cha pili, nikamvalisha jezi namba 11 na kumwandika kwa jina la yule mtoto. Mtoto mwenyewe nikamwambia abaki nyumbani, asionekane hata karibu na uwanja, kwani angeonekana nje wakati jina lake liko ndani tungeumbuka. Tulishinda tatu kwa moja. Mamluki wangu alifunga mawili. Tukanunuliwa soda.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima mwenye mke, anashona nyavu hapo hapo mwaloni. Mwaka jana nilipita karibu yake akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Hivi siku ile nilifunga mangapi?" Nikamjibu mawili. Akacheka, akaendelea kushona. Siku hiyo nilipima dagaa ovyo hadi jioni.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kupunguza umri hakumdhuru mtu, nauliza: aliyekuwa acheze yuko wapi? Orodha ya usajili ina mwisho wake. Kila kijeba anayeingia, kuna mtoto wa Mabatini au Kitangiri anayeambiwa abaki nyumbani.

Tena nchi hii ina historia na jambo hili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Zimbabwe wakaenda badala yetu. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka: Congo Brazzaville walitutoa uwanjani, sisi tukakata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao, wakaambiwa wamlete apimwe, hawakumleta, na ndipo tukapata nafasi ya kwenda Gabon 2017. Tulishangilia haki kutendeka. Mashindano hayo yalipochezwa Dar es Salaam mwaka 2019, Guinea walifika fainali kisha wakaondolewa kwa udanganyifu wa umri, na tiketi yao ya Kombe la Dunia wakapewa Senegal.

Kocha wa mjukuu wangu anasema hayo ni ya kimataifa, huko kuna mashine. Ni kweli, tangu 2009 FIFA wanatumia kipimo cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, kwenye kifundo cha mkono. Kinaangalia ncha ya mfupa wa kigasha, pale mfupa unapokua na kurefuka: pakiwa pameshaungana kabisa, karibu kwa hakika huyo amepita 17. Lakini kipimo hicho hakisomi mwaka wa kuzaliwa. Kijana wa 16 aliyejiandika 14 anapita mbele yake bila shida. Kwa hiyo hapa Nyamagana, kwenye mashindano ya chini ya 15, mashine haitatusaidia hata tungekuwa na fedha za kuilipia. Tumebaki na makaratasi, na makaratasi tunayaandika sisi watu wazima.

Nilimwambia kocha jambo lingine ambalo naona hakuwa amelifikiria. Anawaahidi watoto Ulaya. Kanuni za FIFA, ukiacha mazingira machache, zinazuia mchezaji kuhamia timu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza 18. Sasa ukimkata mtoto miaka miwili, siku anayotimiza 18 ya kweli karatasi itasema 16. Umemfungia mlango miaka miwili kwa mkono wako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema salio linaisha.

Ombi langu kwa wanaosimamia soka la vijana mkoani ni dogo. Wasikubali cheti kilichotolewa mwezi uliopita bila kukilinganisha na rejesta ya shule aliyoanzia darasa la kwanza na taarifa zilizo kwenye namba yake ya PREM, namba ya mwanafunzi katika kumbukumbu za shule za msingi. Hakuna mzazi anayempunguzia umri mtoto wa darasa la kwanza kwa ajili ya mpira. Kazi hiyo inataka mwalimu mmoja afungue kabati. Pili, majina, shule na miaka ya kuzaliwa vibandikwe ofisi ya kata wiki moja kabla ya mashindano. Akina mama wa Igogo wanajua mtoto gani alinyonya wakati mmoja na wa kwao. Hao ni zaidi ya MRI. Na ikigundulika hila, aanze kuadhibiwa mtu mzima aliyesaini. Nilivyoona mimi miaka yote, mtoto anafungiwa na kuzomewa, kocha msimu ujao yuko benchi la timu nyingine. Mimi mwenyewe sikuwahi kuulizwa.

Fomu nimeirudisha ikiwa na tarehe ya kweli. Kijana hajaitwa mazoezini tangu siku hiyo. Jioni anapiga mpira ukutani, akiniona nimekaa barazani anahamia upande wa pili wa nyumba. Bibi yake naye yuko upande wake.

Mwalimu mstaafu,
Igogo, Mwanza.
(Jina langu unalo, Mhariri.)