Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Walenga Shabaha, Arusha, 2025

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama mliofika na mtakaosomewa taarifa hii na wenzenu,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba tumemaliza mwaka bila mtu yeyote kujeruhiwa uwanjani. Tulianza Januari tukiwa wanachama 41 na tumemaliza tukiwa 41. Wawili walihamia Dodoma kikazi, wawili wakajiunga.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Mazoezi ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi yalifanyika mara 9. Masika ilifunga barabara Aprili na Mei, na Novemba tuliahirisha kwa kukosa mhudumu wa huduma ya kwanza. Mashindano ya ndani yalikuwa 3, ya mita 300, 600 na 800. Tuta la nyuma ya shabaha limeongezwa lori 6 za kifusi, choo kimeezekwa, mbao za shabaha 20 zimebadilishwa. Namshukuru katibu kwa hayo yote, ingawa lori 2 kati ya hizo 6 nilizilipia mimi na sijarudishiwa mpaka leo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu. Mwezi Juni kamati iliamua mambo mawili: breki za mtutu, yaani vile vifaa vya kufunga mdomoni mwa mtutu ili kupunguza teke la bunduki inaporudi nyuma begani, zisifungwe kwenye bunduki yoyote katika mstari wetu wa kufyatulia, na viwambo vya kuzuia sauti, ambavyo navyo hufungwa mdomoni mwa mtutu, visiletwe uwanjani mpaka mamlaka zitujibu kwa maandishi kama vinaruhusiwa. Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli: wajumbe 5 kati ya 7 walikuwepo na muhtasari umesainiwa. Imesemwa pia kwamba nazichukia breki kwa sababu bunduki yangu haina meno ya kufungia. Inayo, na breki yangu iko kabatini tangu siku ile ya kikao.

Wengi hamkuwepo uwanjani Februari, kwa hiyo nieleze nilichokiona. Nilikuwa kituo cha 4, nimelala kifudifudi, nimekwisha kushusha pumzi. Kituo cha 5 alikuwa mwenzetu mwenye bunduki ya risasi za .308 yenye breki mpya. Alipofyatua, vumbi la sakafuni lilinijaa machoni, kibao changu cha alama kikaruka na karatasi zake, na mabati juu yetu yakalia kama yamepigwa nyundo. Kituo cha 6 alikuwa mzee wetu ambaye wengi wenu mlifundishwa naye kushika bunduki. Aliinuka polepole akiwa ameshika sikio la kushoto, akakaa kwenye benchi, hakurudi tena mstarini siku ile. Jumatatu nilimfuata nyumbani kwake Sakina. Sikio lilikuwa bado linavuma, na kila nilichosema aliniomba nirudie. Ndugu zangu, yule mzee alikuwa amevaa vizibo vya sponji masikioni kama kanuni inavyotaka. Hakukosea kitu.

Breki hufanya kazi yake vizuri, hilo silipingi. Risasi inapotoka, nyuma yake hutoka hewa ya moto ya baruti, nayo husukuma bunduki kama inavyosukuma risasi yenyewe. Nimepiga hesabu: kichwa cha risasi cha gramu 10.9 kinachotoka kwa mita 800 kwa sekunde, na baruti chini kidogo ya gramu 3. Zaidi ya robo ya teke lote hutokana na hiyo hewa. Breki huigeuza ikatokea pembeni, na teke likapungua sana. Lakini hewa hiyo haipotei. Inamwendea aliyelala kushoto kwako na aliyelala kulia kwako, na kwetu juu kuna bati linaloirudisha chini.

Kiwambo ni kitu kingine, na hapa ndipo lawama zilipozidi. Mwanachama aliyetembelea walenga shabaha wa Afrika Kusini alituambia kwenye grupu kwamba huko viwambo vinauzwa dukani na wawindaji wengi wanavyo. Ni kweli. New Zealand ni hivyohivyo. Marekani kodi ya dola 200 iliyowekwa na sheria ya mwaka 1934 imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, ila usajili wake umebaki palepale. Na kiwambo hakipigi jirani. Hupoza hewa na kuitoa taratibu mbele, hupunguza teke, na hushusha mlio kwa desibeli kama 20 hadi 35. Bunduki kama zetu hulia zaidi ya desibeli 160, na mlio wa ghafla wa desibeli 140 unatosha kuliharibu sikio. Hata hivyo risasi inayopita kasi ya sauti bado hupasua hewa, kwa hiyo anayedhani atavua vizibo amepotea. Chuma hicho pia hupata moto baada ya risasi chache, hewa ya joto ikapanda mbele ya darubini, na shabaha ikaanza kucheza.

Kwa hiyo mimi si adui wa kiwambo. Lakini bunduki zetu tunazimiliki kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwanja huu tumepewa kwa kuaminiwa. Hapa kwetu neno kiwambo likitajwa, mtu wa kawaida humfikiria jambazi. Siku moja mwanachama akikutwa njiani na kifaa ambacho hakimo kwenye karatasi zake, hatafungwa yeye tu; geti la uwanja nalo litafungwa. Nimeandika barua ya kuuliza na nimeifuatilia mara 3 kwa nauli yangu. Jibu likija nitalisoma mbele yenu siku hiyohiyo, liwe zuri au baya.

Mlioniuliza mashindano makubwa yanasemaje, jibu ni kwamba inategemea ni yapi. Precision Rifle Series ya Marekani inaruhusu breki na viwambo vyote viwili, kwa kuwa kwa kawaida mlengaji hufyatua kituoni akiwa peke yake. Sisi tunafuata F-Class, mchezo wa kulenga shabaha za mbali kwa darubini, ambapo watu hulala bega kwa bega, na breki haziruhusiwi. Herufi F ni ya George Farquharson, Mkanada aliyetaka wazee ambao macho na mikono imechoka waendelee kulenga kwa darubini na kitu cha kuegemeza bunduki. Mchezo uliobuniwa kwa ajili ya wazee, sisi tumfukuze mzee wetu mstarini kwa breki? Sikulikubali hilo Juni na silikubali leo.

Teke basi tulishughulikieje? Kwanza kwa uzito. F-Class ina madaraja mawili: F-TR inaruhusu risasi za .223 Remington na .308 Winchester, bunduki pamoja na miguu yake isizidi kilo 8.25; F-Open mwisho ni kilo 10. Bunduki ya kilo 8 hurudi nyuma kwa nusu ya kasi ya ile ya kilo 4, na nishati inayofika begani nayo ni nusu. Wengi wenu mnalenga na bunduki za kuwindia, nyepesi, kisha mnalalamika bega. Niliazima mizani kwa mnunuzi wa kahawa Tengeru tukapima bunduki 13. Ni 2 tu zilizozidi kilo 6.

Pili kwa mwili. Julai niliendesha darasa la siku mbili bila malipo. Walikuja 7. Tulifanya jambo dogo tu: kulala nyuma ya bunduki moja kwa moja badala ya kukaa mshazari, visigino vimegusa chini, kitako cha bunduki kimeshika bega kabla ya kidole kugusa kifyatulio, na kidole kubaki kimevuta hadi bunduki itulie. Binti yetu mdogo kuliko wote, ambaye asubuhi darubini ilikuwa ikimrukia hadi kwenye mawingu, saa tisa alasiri alifyatua mita 600 akabaki anaiona shabaha. Risasi huchukua karibu sekunde moja kufika huko. Aliliona vumbi lake likiinuka upande wa kulia, akasema upepo, akarekebisha, ya pili ikaingia. Hakuwa na breki wala kiwambo. Waliopiga kelele zaidi kwenye grupu kuhusu teke hawakuwepo siku zote mbili.

Hilo linanipeleka kwenye mahudhurio na ada, na nasema kwa uchungu. Mkutano wa Agosti ulihitaji akidi ya watu 14. Walikuja 9, mmoja wao mgeni. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 17. Wanachama 24 hawajalipa hata senti, yaani shilingi 2,880,000 ziko mifukoni mwa watu ambao wamefyatua risasi kwenye tuta lililojengwa kwa fedha za wenzao. Ada zilizoingia ni 2,040,000, matumizi ni 2,615,000, na pengo la 575,000 limezibwa na akiba ya mwaka juzi pamoja na mimi. Mhasibu ana vitabu vyote hapa mezani.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuondoa bati la katikati ili mlio upate pa kutokea, kuweka mbao za kutenganisha vituo fedha zikipatikana, na kuwaalika walenga shabaha wa Moshi, na pengine wa Nairobi. Suala la vijana, kamati bado inalitazama.

Hoja ya kutaka uamuzi wa Juni ufutwe imeletwa kwa maandishi na wanachama 6. Nimeiruhusu iingie kwenye ajenda, namba 5. Katiba inasema mwenye haki ya kupiga kura ni aliyelipa ada. Mhasibu atapokea malipo na kutoa stakabadhi mpaka ajenda namba 4 itakapofungwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti