Mwanangu ameanza utani, ila hajui nani mtani wake na nani siyo

Habari zenu wapendwa, wakubwa wote shikamooni. Naombeni ushauri hasa nyie mliolea watoto wa rika hili, mimi niko Tabora mjini, Isevya, mtoto wangu wa kiume anaelekea miaka mitano na siku hizi kila kitu kwake ni utani, yaani kuanzia anaamka mpaka analala.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Paka wetu anamwita mbuzi, anakuja anakwambia mama nimeshamkamua, alafu anasubiri aone utafanyaje. Ukimtegea nyumba yangu haina mlango, jibu anajua kabisa ni yai, ila anakuuliza sasa kifaranga anatokea dirishani? Na vya kwake anatunga, anasema kitendawili, tunasema tega, "bibi anakunywa uji", tunahangaika tunashindwa tunampa mji, akishaupata mji anasema jibu ni bibi anakunywa uji, anagaragara chini kwa kucheka. Mimi nauza asali hapa nyumbani, basi kuna siku anakuja mbio mama ndoo ya asali imepinduka, natoka roho juu nakuta ndoo iko palepale na yeye kajificha nyuma ya mlango. Nesi mmoja wa kliniki aliniambia nisiogope, mtoto anacheka kwa sauti tangu ana miezi mitatu minne, lakini kukupanga mpaka uamini kitu ambacho hakipo lazima awe ameshajua kwamba unachokijua wewe sio lazima kiwe kile anachokijua yeye, na hilo wengi wanalishika kwenye miaka minne hivi. Nilifurahi sana kusikia vile, mtoto akili inakua.

Sasa shida imeanzia msibani. Babu yake mzaa baba alifariki, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani kama mnavyojua, mambo ya toka enzi za misafara watu wetu wanabeba mizigo kwenda pwani, kwa hiyo jirani yetu Mzaramo akaja kufanya kazi yake ya utani. Akavaa kanzu ya marehemu, akashika na fimbo yake, akatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai chai yake iko wapi. Watu waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao, mama mkwe mwenyewe akafungua upindo wa kanga akamtunza hela. Na mtoto yuko mapajani kwangu anaangalia yote.

Haukupita muda akaja mjumbe wetu wa mtaa kutujulia hali. Ni mzee wa watu, alipata kiharusi, mguu mmoja anauvuta. Mwanangu akachukua ufagio akamfata nyuma, anavuta mguu, anakohoa, anadai chai, tena wageni wamejaa pale uani. Akageuka kutuangalia kama tunacheka. Hakuna aliyecheka. Mzee alikaa, akanywa maji, akaaga.

Baba yake akainua fimbo, mama mkwe akasimama katikati, mume wangu haguswi! (ndo anavyomwita mjukuu wake, na yeye anamjibu mke wangu umezeeka nitaoa mwingine, wanaweza kushinda hivo kutwa nzima). Toka siku hiyo mume wangu kapiga marufuku, hakuna kumtania mtu mzima yeyote mpaka aanze darasa la kwanza. Matokeo yake baba akiwepo mtoto kimya, kabla hajasema kitu ananiangalia kwanza usoni, baba akitoka tu yuko kwa bibi yake wanacheka.

Mimi sikubaliani na hiyo marufuku. Naamini kabisa mtoto hakumdharau yule mzee, alichofanya ni kilekile alichoona mtu anatunzwa hela kwa kukifanya. Sisi wenyewe tumejua taratibu, bibi na babu unawatania, binamu unamtania, shemeji sawa, baba mkubwa hapana, mkwe ndo kabisa usijaribu, na hakuna aliyetukalisha siku moja akatufundisha yote. Ila pia ulemavu wa mtu sitaki auone ni kitu cha kuchezea hata siku moja, hapo niko na baba yake.

Na bibi yake siwezi kumwambia apunguze. Amefiwa juzi tu, na anayemchekesha humo ndani ni huyo mtoto peke yake.

Naombeni mnisaidie, mtoto wa umri huu ukimwambia fulani mtani fulani siyo anaelewa kweli, au unaanza na watu wa ndani tu kwanza? Nyie wa kwenu mlimwambiaje kuhusu kumuiga mtu anayechechemea bila kumfanya awaogope watu wenye ulemavu? Baba yake nimweleweshe vipi na yeye mwenyewe bado ana uchungu wa baba yake? Na kwa mzee mjumbe, mtoto aende akamuombe radhi kwa mdomo wake au tutangulie mimi na mume wangu tukazungumze kikubwa? Jumapili tumepanga kwenda na chupa ya asali, naombeni mnijibu kabla ya hapo.

Mama wa Isevya, Tabora