Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA: kabla hujasaini tenda nyingine, uliza kufuli linabadilishikaje

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni fundi wa seva tu hapa Dar, sio profesa. Juzi nilifungua tovuti ya ofisi moja ya umma, jina silitaji, nikakagua cheti chake (kitambulisho cha tovuti) na namna inavyobadilishana funguo za siri na kompyuta ya mtumiaji, nikakuta RSA ya biti 2048 na elipitiki za kawaida, yaani makufuli ya kihesabu yanayofunga taarifa zikiwa njiani. Kwa leo hapo hakuna kosa. Shida ni taarifa zinazopita humo, zingine za mtoto aliyezaliwa mwaka huu, yaani zinatakiwa zibaki siri mpaka huyo mtoto aote mvi.

Mwambie katibu wako azidishe 89 mara 97, atakupa 8633 kabla chai haijapoa. Sasa mpe 8633 peke yake atafute ni namba gani mbili zimezidishana. Mi nilimpa mpwa wangu wa form two, akagawanya kwa 7, kwa 11, kwa 13, kajaza ukurasa mzima wa daftari, kufika sitini na kitu akanirushia kalamu. Kwenda rahisi, kurudi balaa. Ndo fanksheni ya njia moja hiyo, na RSA tangu 1977 imekalia hapo hapo, ila kwa namba zenye tarakimu zaidi ya 600.

Alafu 1994 Peter Shor akaonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu (aina tofauti na hizi zetu, inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya vitu vidogo sana) ikiwa kubwa ya kutosha, kurudi kunakuwa mteremko, na hizo elipitiki nazo zinaondoka na maji. Mwaka 2001 watu wa IBM waliichambua 15 kwa kwantamu wakapata 3 na 5, unaweza kucheka, mi nilicheka. Mashine ya kuvunja biti 2048 bado haipo. Ila mtu anaweza kunakili data zetu leo zikiwa zimefungwa, akaziweka stoo akasubiri.

Sasa watakuja wauzaji na slaidi zao wakwambie wana mfumo ambao kwantamu haiuwezi kabisa. Hapo naomba uwe mgumu Mheshimiwa, maana hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba fanksheni za njia moja zipo kweli, anayethibitisha atakuwa kamaliza na lile swali la P na NP (je, kila jibu lililo rahisi kulihakiki ni rahisi pia kulitafuta?) lenye zawadi ya dola milioni moja ambayo mpaka sasa haina mwenyewe. Tunachojua ni kwamba vichwa vikali vimehangaika vikashindwa, basi. Kuna kufuli linaitwa SIKE, lilitengenezwa makusudi kwa ajili ya kuihimili kwantamu, likachujwa miaka kwenye mashindano ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, 2022 wajamaa wawili wa Ubelgiji wakalivunja kwa kompyuta ya kawaida, kama saa moja hivi!

NIST walitoa viwango vipya vya kuihimili kwantamu Agosti 2024, ML-KEM ndo ya kukubaliana funguo. Tuanze nayo bila kuitoa ya zamani, mlango mmoja makufuli mawili. Na kila tenda iwe na kifungu kwamba algorithimu, yaani hilo kufuli la kihesabu, itabadilishika bila kununua mfumo upya, coz nimeshakutana na mfumo ambao ufunguo umeandikwa humo humo ndani ya programu, aliyeuandika kashaacha kazi na hakuna anayethubutu kuugusa.

Ila kabla ya yote hayo inatakiwa orodha ya mifumo yenu inayotumia RSA. Kama haipo, mi na wenzangu wawili tuko tayari kuja Jumamosi tuihesabu, chai tutajinunulia.

Fundi wa seva,
Dar es Salaam