Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wenye Zahanati Binafsi, Kigoma

Ndugu Wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini, na majina ya wanachama wapya anayo Katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja nililolikuta katika kila zahanati niliyoitembelea mwaka huu, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji na Kibirizi, nalo ni namna tunavyowahudumia wenye matatizo ya ngozi.

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 1991 na kuruhusu tena watu binafsi kutoa tiba kwa malipo, jambo lililokuwa limezuiwa tangu 1977, wengi wetu tumejenga kipato juu ya dirisha la dawa kuliko chumba cha uchunguzi. Mwenye homa hupimwa malaria. Mwenye kuwashwa huonyesha mkono akiwa bado amesimama dirishani, akapewa tyubu ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe), dawa ya fangasi na antibayotiki, akalipa na kwenda zake. Zahanati yangu nayo imefanya hivyo. Mtoto mwenye choa shavuni alipakwa krimu hiyo kwetu kwa wiki tatu. Mwasho ukatulia na mama akashukuru, kumbe steroidi ilikuwa imeituliza ngozi huku fangasi wakiendelea kusambaa, na aliporudishwa, ule ukingo wa duara ulikuwa umefutika kiasi kwamba tabibu wetu hakuutambua ugonjwa.

Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza tutoze ada ya kumwona tabibu, hata iwe ndogo, ili kipato kisitegemee tyubu iliyouzwa. Mgonjwa aliyelipa ada ataketi, atavua shati penye mwanga wa kutosha, na ataulizwa amepaka nini hadi sasa, nani mwingine nyumbani anajikuna, na kama mwasho huzidi usiku. Majibu hayo peke yake hufichua upele mara nyingi, na upele hautibiki kwa mtu mmoja mmoja: watu wote wa nyumba wapake dawa siku hiyohiyo, kuanzia shingoni hadi nyayo, warudie baada ya wiki moja, na mashuka na nguo vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Tukimtibu mmoja tu, tunamwuzia dawa ileile kila mwezi, na sidhani kama kuna anayetaka kuitwa daktari kwa biashara ya namna hiyo. Mapunye nayo yanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa kuwa krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele.

Baka lililopauka liguswe kwa unyuzi wa pamba. Mgonjwa asiposikia mguso, hiyo ni dalili ya ukoma, na huyo asicheleweshwe kwetu. Apelekwe kwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya, ambako dawa ni bure. Tatizo jingine tusiloliweza tulipeleke Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa barua inayoeleza kila dawa tuliyokwisha kutoa.

Watumiaji wa mkorogo, yaani krimu za kujichubua, wasikaripiwe. Anayeacha ghafla krimu yenye steroidi aliyoipaka usoni kwa miaka huweza kuwaka uso mzima na kuirudia kwa hofu, kwa hiyo aelezwe mapema na apangiwe siku ya kurudi.

Kuhusu utunzaji wa kila siku, tuwaambie wagonjwa ukweli usiotuingizia fedha. Ngozi inayopauka wakati wa kiangazi haihitaji losheni ya bei kubwa; inahitaji kuoga kwa muda mfupi, sabuni isiyo kali, na mafuta ya mgando yanayopakwa mwili ukiwa bado na unyevu. Sabuni zetu za mawese na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) ni nzuri zikitengenezwa kwa vipimo, lakini iliyozidi magadi huchubua, hasa kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, na wapate mafuta ya kukinga jua, ambayo hutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Kila mwanachama afungue rejesta ya ngozi yenye safu ya dawa zilizotumika kabla ya kuja kwetu, na nakala ya miezi mitatu ya kwanza imfikie Katibu kabla ya kikao kijacho, ambacho ndicho kitakachoamua kiwango cha ada.

Mwenyekiti