Jina la babu yake Bibi

Swahiba Juma,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila joto tu. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na ile hela ya Mwanaidi sijaisahau, usianze. Leo nina shida nyingine.

Bibi amenitia mtihani. Unamjua akishika jambo. Juzi kaniita: "Mjukuu wangu, nenda pale Posta kwenye Sanamu ya Askari, ukatazame jina la babu yangu wameliandikaje." Babu yake huyo, mzaa baba, alichukuliwa Kilosa mwaka 1917 kuwabebea Waingereza mizigo, Vita Kuu ya Kwanza. Hakurudi. Baba yake Bibi alikuwa hata hajaanza kutambaa. Toka utotoni Bibi anaambiwa jina liko mjini Dar, kwenye jiwe.

Nikaenda. Pale nimepita mara elfu nikikimbilia daladala, sijawahi kusimama nikasoma. Safari hii nikaizunguka mara tatu, muuza karanga ananitazama kama mwizi wa vyuma chakavu. Hakuna jina hata moja! Maneno yapo: ukumbusho wa askari Waafrika, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu, sikia hii, linamalizia kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi sasa? Tangu 1927 jiwe linahubiri majina, lenyewe halina hata Juma mmoja.

Hasira zikanipeleka kusoma. Wazungu waliokufa vita ile ile waliandikwa kila mtu kwa jina lake. Wetu ikaonekana hawana haja nalo. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri, ikaomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na wapagazi hawakumalizwa na risasi. Ni homa, kuhara na njaa. Kilichobaki cha kikosi chao, Carrier Corps, ni jina la Kariakoo, tunakokwenda kugombania bei ya vitenge. Nanyi Nairobi mna Kariokor yenu.

Cape Town angalau, Januari 2025, wamefungua ukumbusho wa watu wao wa vikosi vya kazi, zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mvule, jina limechongwa. Mvule, Juma! Mti tunaotengenezea milango.

Sasa Bibi. Nilimdanganya. Nilisema jua lilikuwa kali, maandishi sikuyaona vizuri, nitarudi. Kila nikiingia ananiuliza, "Umerudi?" Nikisema kweli, sijui kama... wewe unamjua moyo wake.

Sanamu yetu ni askari peke yake na singe yake. Ya kwenu Nairobi ina watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Ukipita Kenyatta Avenue nipigie picha yake huyo, karibu, uso uonekane. Nitampa Bibi.

Au nitakuwa namdanganya mara ya pili? Wewe ungemwambiaje? Na kwenu hakukuwa na mzee aliyechukuliwa? Mama yako si alisimulia habari za Taveta, au nachanganya? Mwanaidi ameshapata kazi? Idi unakuja, au ni yale yale ya mwaka jana?

Wako,
Saidi